Timu Ndogo ya Fundi Rola

Ukimwona Fundi Rola barabarani, ndoo mkononi na ngazi begani, huwezi kumdhania kuwa mtu wa vitu vidogo. Ni pande la mtu. Viganja vyake ni vipana kama sahani, na kucha zake hazijapata kutakata tangu aanze kazi ya kupaka nyumba rangi: leo zina kijani cha zahanati, kesho zina kahawia ya geti la mtu. Akishika rola, ukuta mzima hubadilika kabla mwenye nyumba hajamaliza chai yake. Ndiyo maana jina la Rola lilimganda, na lile alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Lakini Jumapili, Rola huvaa miwani ya kusomea ya mkewe, akaifungia kioo cha kukuzia kwa kipande cha lastiki ya suruali, akaketi penye dirisha la jikoni na kuanza kuwapaka rangi watu wa plastiki wenye urefu wa kiungo cha kidole. Huwapaka kola. Huwapaka vifungo na kamba za viatu. Kabla ya kupaka jicho hushusha pumzi kwanza, akatulia tuli, kwa sababu ukivuta pumzi wakati huo, jicho huhamia shavuni.

Mambo haya yalimwanza alipokuwa akipaka rangi ofisi ya msanifu wa majengo. Juu ya meza palikuwa na mfano wa jengo, na mbele ya mlango wake walisimama watu wadogo weupe pe, hawana nguo wala nyuso. Rola aliwatazama, akawahurumia.

"Bosi, hawa mbona mmewaacha uchi?"

Msanifu alicheka, akamchotea konzi ya waliobaki kwenye boksi. Rola akaenda nao nyumbani mfukoni. Hajarudi nyuma tangu siku ile.

Mkewe, ambaye mtaani huitwa Mama Pacha, hakuwa na neno. Mume aliyetulia jikoni Jumapili nzima ni mume anayejulikana alipo. Aliyekuwa na neno ni mama mkwe. Huyu bibi aliwahi kuwa nahodha wa timu ya mpira wa pete ya kiwanda cha nguo, na ingawa kiwanda kilikwisha kufungwa na magoti yake yakagoma, cheo hakikumtoka. Watu wote humwita Nahodha. Anaishi kwenye chumba cha uani, nyumbani kwa binti yake, na kila Jumapili hupita dirishani akiuliza:

"Mkwe wangu, watoto wako wa plastiki hawajambo? Wameshakula?"

"Hawajambo, Mama. Wanakusalimu."

"Wasalimu sana. Waambie wakikua waje wanisaidie kufua."

Basi ikatokea kwamba wachezaji wa zamani wa timu ile walipanga kukutana Jumamosi moja, hapohapo nyumbani kwa Rola. Mama Pacha ndiye aliyetoa wazo: "Baba Pacha, kwa nini usimtengenezee mama timu yake? Iwe ndogo, ikae juu ya ubao."

Rola alidhani Nahodha atacheka. Hakucheka. Aliingia chumbani kwake, akarudi na picha aliyoiviringisha ndani ya leso. Wasichana saba wenye jezi za njano wamesimama mbele ya ukuta wa kiwanda.

"Mimi unifanye unavyotaka," alisema, "hata ukinipa pua ya bata sawa. Lakini huyu," akaweka kidole juu ya msichana wa pembeni kabisa, "huyu usinikosee."

Huyo alikuwa Cherehani, rafiki yake wa chanda na pete, aliyeitwa hivyo kwa jinsi miguu yake ilivyokuwa haikai. Alifariki mwaka uliopita. Wenzake wote wangekuja Jumamosi, na yeye peke yake asingekuja. Nahodha hakulisema hilo kwa kinywa, ila alivyoiacha picha mkononi mwa mkwewe bila utani hata mmoja, Rola alielewa kwamba safari hii si ya kuchezea.

Akaanza kazi. Sita wa kwanza walikubali bila shida. Aliwakata mikono na kuiunga upya ili mmoja anyooshe mkono kudaka mpira na mwingine ashike kiuno. Akawashonea sketi kwa brashi, mkunjo kwa mkunjo. Cherehani alimweka mwisho, kwa hofu. Kwenye picha alikuwa ametikisika wakati kamera inabofywa, na uso wake ulikuwa kama moshi. Ikabidi Rola autunge mwenyewe: macho makubwa, pua ndogo, tabasamu la heshima.

Jioni moja alirudi kutoka kupaka geti la chuma, akakaa mezani bila hata kuvua ovaroli. Alibakiza shavu tu. Rangi ilikuwa imeanza kuganda kwenye kifuniko cha chupa, inavuta kama uji uliopoa. Sasa mkono wa fundi wa majumba, rangi ikimganda, unajua dawa moja tu. Bila kumuuliza mwenyewe, mkono ule ulichovya brashi kwenye kopo la thina lililokuwa miguuni, ukarudi moja kwa moja kwenye shavu la Cherehani.

Shavu liling'aa. Rola akafurahi. Kisha pua ikaanza kushuka.

Alipuliza. Alipepea kwa kifuniko. Alichukua kijiti cha meno ajaribu kuirudisha pua mahali pake, macho nayo yakafuata. Thina inayolainisha rangi ya geti huila plastiki kama moto unavyokula nta, na hilo Rola alilijua vizuri. Alilijua yeye; mkono haukulijua.

"Kuna nini?" Mama Pacha alimsikia akiguna. "Umejikata?"

"Afadhali ningejikata."

Mama Pacha akasogea, akainama, akatazama kwa muda. "Huyu ni nani?"

"Alikuwa Cherehani."

Mama Pacha akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. "Samahani, mume wangu. Samahani sana. Lakini amekuwa mshumaa."

"Cheka tu. Mama yako atanitafuna mbichi."

"Mwambie ukweli."

"Nimwambieje? Mama, rafiki yako nimemyeyusha?"

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye duka analonunulia vifaa vyake. Ni kichumba nyuma ya duka la madaftari, kimejaa chupa ndogo za rangi toka sakafuni hadi darini. Mwenyewe ni mama mwembamba anayeitwa Madamu Tone, kwa sababu chochote utakachomuuliza, jibu lake huanzia hapo: tone moja tu. Alikipokea kile kisanamu, hakukitazama, alikinusa.

"Thina."

Rola akainamisha kichwa.

"Fundi rangi, siyo? Nyinyi nawajua. Seremala akija hapa, amevunja mguu wa mtu wake wa plastiki kwa kuubana na jiliwa. Fundi rangi akija, kaja na uso uliomwagika." Akaweka juu ya kaunta mtu mpya wa plastiki na puti ya rangi mbili, ile inayokandwa mpaka ichanganyike ndipo ikauke. "Na hii rangi yako inazimuliwa na nini?"

"Maji."

"Kiasi gani?"

"Tone moja tu," alijibu Rola, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Akanyoosha mkono kuchukua brashi nyembamba kuliko zote, yenye manyoya ya kuhesabika. Madamu Tone akamchapa kiganja. "Acha hiyo! Kila mtu anaikimbilia hiyo. Haina tumbo, rangi inakaukia njiani. Chukua hii nene." Aliichovya kwenye kikombe cha maji, akaikung'uta mara moja, manyoya yakajikusanya yakawa ncha kali kama sindano. "Unaona? Tumbo la kubebea, ncha ya kuandikia. Brashi ni ncha, siyo wembamba."

Rola akampa picha. "Tatizo ni uso, Madamu. Sijui nitautoa wapi tena."

Madamu Tone aliisogeza picha mwangani, akairudisha. "Mtu mdogo kiasi hiki hana uso, baba. Ana kivuli chini ya nyusi na doa la mdomo, basi. Wewe mkeo akija kwa mbali, unamjua kwa pua?"

"Kwa mwendo."

"Haya. Huyu alikuwa anasimamaje?"

Swali hilo lilikuwa na mtu mmoja wa kulijibu, na kumfikia mtu huyo kulikuwa na lango moja tu, nalo ni kukiri. Rola alimkuta Nahodha uani akianika nguo. Alijikaza, akamwekea kile kisanamu kilichoharibika kiganjani.

"Mama, nimekukosea. Nilimgusisha thina. Mkono ulinipotea."

Nahodha aliitazama ile plastiki iliyobonyea. Maji yalikuwa yakidondoka toka kwenye shuka, na Rola aliyasikia yote.

"Umemyeyusha?"

"Ndiyo, Mama."

"Angejiona hivi," alisema bibi polepole, "angecheka mpaka akae chini." Akavuta pumzi. "Sasa?"

"Sasa nataka kujua alivyokuwa anasimama."

"Cherehani? Hakuwa anasimama! Ndiyo maana hata kwenye picha kawa moshi." Nahodha akatua beseni. Akabana sketi yake kwa kidole gumba, bega moja juu, uzito wote kwenye kisigino cha nyuma, goti la mbele likichezacheza; vibanio vya nguo vikiwa bado vimening'inia mdomoni. "Hivi. Ukimwangalia utadhani kachoka. Mpira ukirushwa tu, hayupo. Na soksi moja imeshuka mpaka kwenye kifundo. Kocha alimfokea, mwamuzi akamfokea, mimi nikamfokea. Wapi!"

"Kaa hivyohivyo, Mama. Usitikisike."

"Haraka basi, mkwe. Kiuno hiki si cha plastiki."

Rola alimzunguka akimtazama kama anavyotazama ukuta kabla ya kuupiga rangi: unapoinama, unapobeba, mwanga unapokaa. Kisha akakimbilia mezani. Alilainisha goti la yule mtu mpya kwa maji ya moto na kulipinda. Alikanda puti, akamwinua bega, akamwekea soksi iliyojikunja juu ya kiatu. Usoni aliweka kivuli na doa, akazuia mkono wake usiongeze kitu. Ulitaka kuongeza. Akaukalia.

Jumamosi wakaja, watano, mmoja na mkongojo, wote kwa sauti za watu waliozoea kuitana toka upande wa pili wa uwanja. Ubao ulikuwa mezani, umechorwa mistari. Nahodha alikataza mtu yeyote kuwaeleza nani ni nani.

"Ebo! Nani kaninenepesha hivi?" aliuliza mmoja.

"Hajakunenepesha, shoga, kakupunguza."

Mwenye mkongojo alisogea mezani. Alipitisha kidole juu ya timu yote, taratibu, hadi pembeni, akasimama. Rola alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, hapumui.

"Jamani," alisema yule mama. "Tazameni. Soksi!"

Ukazuka ukelele. "Cherehani!" "Aliyekuja ni Cherehani!" Wakacheka, mmoja akalia huku anacheka, wakapokezana kisanamu kile kwa ncha za vidole. Kilipomfikia Nahodha, hakukirudisha pembeni kilikokuwa. Alikibandua kile chake mwenyewe, akavisimamisha pamoja, bega kwa bega, akavitazama weee.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Timu hii inacheza na nani?"

Rola akatazama ubao. Kweli, nusu yake ilikuwa tupu.

"Wale wa kiwanda cha sabuni," Nahodha aliendelea. "Utawatengeneza. Na uwape sura za watu waliofungwa."

"Walitufunga wao!" alisema mwenye mkongojo.

"Mara ngapi? Mara moja, tena mwamuzi alikuwa shemeji yao!"

"Jezi yao ilikuwa rangi gani?" Rola aliuliza.

"Nyekundu," walisema wawili. "Bluu!" alisema wa tatu. "Bluu ya wapi? Ilikuwa chungwa, wewe ulikuwa benchi!"

Rola akatua sinia. Akaenda jikoni, akaleta boksi lake lote la chupa za rangi, akaliweka mezani katikati yao.

"Chagueni," alisema, na vichwa vyote vikainama kwa pamoja.