Nukta Nyekundu za Ndivani

Binti yangu akifungua rangi ya kucha nimpake, harufu yake hunirudisha kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba kule milimani. Shangazi alitaka kujua lina kaa wangapi. Tulikamata ishirini, nikawapaka nukta nyekundu za rangi ya kucha mgongoni, tukawaachia.

Juma lililofuata, kabla watu hawajafungulia maji, tulikamata ishirini wengine. Wenye nukta walikuwa wawili tu.

Nikaangua kilio. “Shangazi, rangi yangu imewaua!”

Akacheka, mikono imejaa tope. “Na hawa kumi na wanane juma lililopita walikuwa wapi? Humo humo majini, na wenye nukta wamechanganyika nao. Nukta zikiwa chache, ujue kaa ni wengi.”

“Mama,” binti yangu ananishtua, kidole chake mkononi mwangu, “mbona umenipaka nukta moja tu?”