Damien na Cheo cha Mzee Ambrose

Usiniambie Damien ni mjinga. Wanaosema hivyo hapa saluni kwangu Bertrams, Joburg, huwa nawaambia wafunge midomo, la sivyo waende wakasukwe nywele Hillbrow.

Alitoka Fizi, Kongo, akahangaika, akapata kazi ya kumtunza mzungu mzee sana, kumwogesha na kumlisha. Mzee huyo aliitwa Sir Ambrose Pellwick, na hilo "Sir" lilikuwa la kurithi. Mfalme mmoja wa Uingereza alimpa babu yao cheo hicho kwa kuwa alimlipia askari, kikashuka baba kwa mwana, vizazi tisa. Mashamba yaliuzwa, jumba likaungua, baba yake akaja Joburg kutafuta dhahabu akaambulia vumbi. Cheo tu ndicho kilichobaki. Sasa mzee alikuwa na binti mmoja, na cheo chenyewe hakimwendei mwanamke. Alilia kila siku kwamba kitafia mikononi mwake.

Kwa akina Damien, mtoto akipewa jina lako wewe hufi, unaendelea kuitwa. Mwaka 2015 mkewe, Agnès, akajifungua mtoto wa kiume kwa kupasuliwa, daktari akasema hatazaa tena. Mtoto huyo jina lake lilikuwa tayari: Lubunga, la baba yake Damien, aliyeuawa vitani na kaburi halijulikani. Damien akamwita Ambrose.

Eish, nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Akasema baba yake angeelewa, kwamba huwezi kutazama ukoo wa mwenzio ukizimika na wewe dawa unayo.

Akampeleka mtoto, akampakatisha mzee, akamweleza kila kitu. Mzee alikishika kidole cha mtoto, akashukuru, kisha akasema kwa upole, "Damien, cheo hakifuati jina. Kinafuata damu. Nikifa, kimekwisha."

Akafa 2017, na cheo kikafa naye. Nilimsihi Damien ambadilishie mtoto jina. Akakataa, akasema kumvua mtoto jina la marehemu ni kumuua marehemu mara ya pili.

Na Damien hakuwa amemwambia mama yake kule Fizi kwamba mtoto si Lubunga. Bibi wa watu, kila akipiga simu, aliomba apewe mume wake amsikie, maana mjukuu mwenye jina la babu ndiye mume wa bibi. Alimwimbia, akamtania kwamba amemwacha peke yake akaenda kula nyama Afrika Kusini. Mtoto alicheka tu, Kiswahili anakisikia kidogo.

Siku moja mwaka 2018, mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, bibi alimwambia ataje jina lake kamili. Mtoto akajitaja.

Bibi akamtaka Damien kwenye simu. Akamwuliza Ambrose ni nani, na Damien akamwambia ukweli wote.

"Kumbe mume wangu alikufa kweli," bibi akasema.