Modesta wa Mlango wa Dharura

Kwa miaka tisa Modesta Magembe alikagua watu wakitoka. Kila jioni kiwandani Zegereni wafanyakazi wa kike walipanga foleni mbele yake, wakafungua mikoba, wakapapaswa viuno. Hakuna aliyemtazama usoni. Kampuni yake ya ulinzi ilipomhamishia hospitali moja ya Kibaha, kwenye mlango wa dharura, alidhani kazi ni ile ile, ila sasa watu wanaingia.

Wiki ya kwanza tu, mama mmoja alimshukuru kwa kumkagua. Aliyemfuata akamtukana matusi ya nguoni. Modesta alibaki na swali: hawa wawili wana tofauti gani? Nyumbani Misugusugu alimuuliza mumewe, Onesmo, naye akacheka. "Wewe linda mlango. Utafiti waachie wenye digrii."

Swali halikumtoka.

Asubuhi moja bajaji ilifunga breki getini. Mwanamume mrefu mwenye shuka begani alishuka, kambeba mdogo wake, paja limefungwa kanga iliyolowa damu. Walitoka Gwata. Khalfani, mlinzi aliyekuwa akikagua wanaume, akampitishia kifaa cha mkononi cha kutambua chuma. Kikalia.

"Mzee, nyoosha mikono."

"Mdogo wangu anavuja damu!"

"Nyoosha mikono kwanza!"

Sauti zikapanda, waliokaa kwenye benchi wakasimama. Modesta akavuta kitanda cha magurudumu, wakamlaza majeruhi, nesi Stellamaris akamsukuma ndani. Ndipo Modesta akamgeukia kaka mtu. Lafudhi yake aliitambua. Ni ya kwao.

"Mwangaluka, baba."

Yule mtu aliitikia salamu ile ya Kisukuma kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Jina lake lilikuwa Shija.

"Una sime hapo kiunoni?"

"Ninayo. Mchunga ng'ombe ataacha sime?"

"Sikulaumu. Nataka kujua tu, kwa nini umekataa kuitoa?"

Shija akamtupia Khalfani jicho. "Mwenzako hakuniuliza. Kwetu anayeamriwa kunyoosha mikono ni mwizi aliyeshikwa." Kisha akashusha sauti. "Aliyemchoma mdogo wangu tuligombana naye mnadani. Akija hapa, naye mtamkagua?"

"Kila anayeingia."

Shija akaichomoa sime pamoja na ala yake, akamkabidhi. "Basi mkagueni sawasawa."

Wakati huohuo Dokta Silvanus alipita katikati yao, begi mgongoni, asisimamishwe na mtu. Shija akamsindikiza kwa macho.

"Na huyo je?"

Modesta akaifungia sime kabatini. Hata siku nane baadaye, Shija alipokuja kuchukua sime yake huku mdogo wake akichechemea nyuma, swali hilo lilikuwa bado linamsumbua Modesta. Lakini kesho yake alijipa moyo.

"Daktari, samahani. Naomba nione begi."

"Langu?"

"Ndiyo, daktari. Wanatutazama."

Dokta Silvanus akageuka, akayaona macho ya benchi zima. Akafungua zipu. Ndani mlikuwa na koti jeupe, kipimo cha kusikilizia moyo na karanga za kukaanga. Bibi mmoja akapiga makofi. "Kumbe na wao!" Akajongea mwenyewe, pochi ameshaifungua.

Si wote waliofurahi. Daktari mwingine, aliyeombwa begi vilevile, alimshtaki, Modesta akaitwa ofisini na kujieleza kwa zaidi ya saa nzima, Shija na mnada wake wakiwa ndani ya maelezo hayo. Msimamizi wa hospitali aliamua mgonjwa mahututi apite kwanza, ndugu zake wakaguliwe baadaye, nyuma ya pazia. Kuhusu watumishi, alisema suala litajadiliwa.

Hadi leo linajadiliwa. Khalfani siku hizi huanza kwa salamu, ingawa hudai inamchelewesha. Dokta Silvanus hufungua begi bila kuombwa. Wenzake wawili humwiga, wengine hupita mlango wa nyuma, karibu na jiko, na Modesta ameanza kwenda huko wakati wa chai, kuwauliza kwa nini.