Mkono wa Irine na Ng'ombe wa Kegonga

Irine Nchagwa alikatwa mkono wa kulia na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, hapo nyumbani kwake Kegonga. Miaka miwili baadaye, watafiti walikuja Migori, kaunti yao, kutafuta watu wa kujaribu mkono bandia unaoendeshwa kwa mawazo. Mumewe, Wangwe, alimwambia hatapoteza kitu, maana mkono wenyewe ulishapotea.

Mtaalamu aliyemfundisha aliitwa Sumeya. Alimvalisha Irine mkanda kichwani, wa kusoma ubongo na kuuambia mkono la kufanya.

"Mama, fikiria unafunga mkono," alisema Sumeya.

"Nimefikiria."

Mkono haukusogea.

"Nifikirie mkono gani?" Irine aliuliza. "Huu, au ule uliokatika?"

Sumeya alipekua karatasi zake. "Ule uliokatika."

Irine alifumba macho, akajiona anakamua ng'ombe, kazi aliyoianza akiwa na miaka saba. Vidole vya plastiki vikajifunga polepole.

Kufungua ndiko kulikomtesa. Tangu ajali ile, alikuwa akihisi ngumi ya mkono usiokuwepo imekazwa, kucha zinachoma kiganja. Atafunguaje kitu kilichokataa kufunguka? Alijaribu wiki tatu. Siku moja vidole vya plastiki vilifunguka, na papo hapo akahisi ile ngumi nyingine imelegea. Akalia kidogo. Sumeya alisubiri, kisha akaandika saa.

Jioni alimweleza Wangwe.

"Basi ni vizuri," alisema Wangwe, akaenda kufunga ndama.

Jumapili, baada ya Irine kuruhusiwa kwenda nao nyumbani, mchungaji Cephas aliushika mkono ule nje ya kanisa kumsalimu. Irine alikuwa anawaza ng'ombe hajakamuliwa. Mkono ukambana mchungaji. Irine akafikiria kufungua, lakini watu walikuwa wanatazama, na mawazo yakagoma.

"Hakuna haraka," alisema mchungaji.

Kwa mkono wake wa pili, mchungaji akamvua Irine mkanda wa kichwani. Mkono ukabaki vilevile, ila sasa hakukuwa na wa kuuamuru. Walisimama hivyo mpaka Irine alipokumbuka kitufe cha kuufungulia, chini ya kifundo cha mkono.

Kukamua nako hakukufaulu. Ng'ombe alisikia mota inalia, akapiga ndoo teke. Irine alijaribu siku nne, ng'ombe naye akakataa siku nne. Mwishowe aliupa mkono bandia kazi ya kushika ndoo tu, akakamua kwa kushoto. Ilichukua muda mara mbili, lakini maziwa hayakumwagika.

Baada ya miezi sita Sumeya alifika na maswali yake.

"Mama, unauona mkono huu kama sehemu ya mwili wako?"

Irine aliufikiria mkono, ukajifunga. Akaufikiria tena, ukafunguka.

"Bado," alisema. "Haupendi maji, na mimi nina vyombo vya kuosha. Lakini usiuchukue."