Mama Pasi na albamu alizosikiliziwa na mumewe

Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono. Mwili wa shati huja mwisho. Mama Pasi analinyoosha shati jeupe juu ya meza yake, analinyunyizia maji kwa vidole, halafu anashusha pasi. Mvuke unampanda usoni. Hatazami saa, ila anajua kwamba saa nne imekaribia, kwa sababu Mzee Mvuke, mtu wa boila, ameshaanza kujifuta mikono.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, boila ya duka hili la dobi huzimwa ipoe, isafishwe. Mashine za kukaushia nazo hunyamaza. Kwa nusu saa hivi hakuna wa kufua wala wa kunyoosha, na hapo ndipo wafanyakazi huvuta viti na ndoo zilizopinduliwa, wakaizunguka meza ya Mama Pasi, kila mmoja aseme ni albamu gani ameisikiliza wiki iliyopita.

Si wimbo, ni albamu. Kanuni ni moja na haina huruma: uisikilize yote, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio alioupanga mwenye kuimba. Kuruka wimbo ni mwiko. Anayeruka akagundulika hukunja peke yake mashuka yote ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, na mtu ambaye hajawahi kupambana na shuka la kitanda kikubwa lenye mpira pembeni asiseme kwamba hiyo ni adhabu ndogo.

Mzee Mvuke ndiye aliyeanzisha baraza hili, na anakiri kwamba alilianzisha kwa hasira. Aliwaona vijana wa siku hizi wanavyoonja nyimbo, huyu nusu, huyu robo, wakakimbilia nyingine.

"Mtu amekaa akapika chakula kizima," anasema, "wewe unapita jikoni, unafunua sufuria, unadokoa nyama, unaondoka. Halafu unasema umekula kwake."

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Dada Risiti, msichana wa kaunta, ambaye leo ndiye mkali kuliko wote. Hakimu, bila hata kupigiwa kura, alikuwa Mama Pasi.

Ana miaka hamsini na saba, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameimalizia mbele ya meza hii. Hulipwa kwa kila nguo anayoinyoosha, kwa hiyo mkono wake haupumziki hata mdomo ukiwa unaimba, na mdomo wake ulikuwa unaimba kutwa nzima. Angekuambia ni wimbo gani umewekwa mahali pasipo pake, na ni mpiga gitaa yupi alikuwa amenuna siku ya kurekodi. Wateja wengine walikuwa wakija kuchukua suruali wakajikuta wamekaa.

Kisha masikio yakaanza kumgeuka. Kwanza ulipotea mlio wa birika; birika ikawa inachemka na kupiga filimbi hadi inakauka naye yumo humo humo jikoni. Ikafuata simu. Halafu pasi yenyewe: kwa miaka yote alijua imepata moto kwa mlio wa tone la maji, na siku moja tone likadondoka, likafuka moshi, kimya. Waimbaji wa kike walimtoka wa kwanza. Wa kiume wakabaki wakinong'ona, muziki wote ukawa kama redio iliyofungiwa kabatini.

Daktari wa masikio alimweleza kwamba umri umechangia, kelele za mashine zimechangia, na kwamba sikio la kulia lina nafuu kidogo kuliko la kushoto. Kifaa cha kusaidia kusikia kingemfaa, ila foleni yake ni ndefu. Mama Pasi alishukuru, akarudi kazini, na hakumwambia mtu.

Aliogopa nini? Kazi, kwanza. Mwenye duka angeweza kusema kwamba mtu asiyesikia hafai kukaa karibu na mashine. Lakini anapoulizwa sasa, anasema kwamba hilo silo lililomnyima usingizi.

"Nguo nitapiga pasi hata nikiwa kiziwi. Shati haliongei," anasema. "Lakini Jumamosi je? Nikikosa Jumamosi, hapa nabaki na mvuke na mgongo unaouma."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama Pasi anaijua methali hiyo na anaweza kuwahubiria wengine siku nzima, lakini yeye aliyaficha. Wakati wa baraza alikaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, ili wote wawe kuliani kwake, akawa anasoma midomo. Kuhusu albamu, alitoa zile za ujana wake, alizokuwa nazo kichwani neno kwa neno. Wiki ya kwanza walifurahi. Wiki ya tano wakaanza kumwita Makumbusho.

Ndipo Dada Risiti alipomletea albamu mpya ya binti mmoja anayeimba na kinanda, iitwayo Kiti Kitupu Dirishani. Alimwomba aisikilize yote, Jumamosi aseme ukweli wake bila kumwonea haya. Mama Pasi alipofika nyumbani alijaribu. Aliibana simu sikioni hadi sikio likauma, asiambulie kitu.

Mumewe alimkuta ameketi hivyo. Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno ya kuhesabu, na kuhusu muziki alikuwa na msimamo mmoja tu: redio izimwe ili asikie mahali maji yanapovuja. Ila Mungu alimpa sauti nene inayotokea tumboni, na sauti hiyo, akikaa kuliani kwa mkewe, ndiyo pekee iliyokuwa haijapotea. Alimuuliza ana nini. Akaambiwa yote, toka birika hadi kwa daktari.

Hakusema pole. Alinawa mikono, akavaa hedifoni, akakaa kwenye stuli ya jikoni na uso wa mtu anayesoma mita ya maji. Albamu ilipokwisha alihamia upande wa kulia wa mkewe, akaanza kutoa taarifa.

Wimbo wa kwanza, alisema, unaanza matone matone, hauna haraka. Wa pili ni mrefu bila sababu. Wa tatu presha iko chini mno, unatamani uinuke ukaangalie koki. Halafu ngoma inaingia na kila kitu kinazibuka. Mama Pasi aliuliza: ngoma inaingia peke yake au na kinanda? Binti analalamika au anajikaza? Fundi alirudi kusikiliza, akaja na jibu. Walifika wimbo wa mwisho chai ikiwa imeshapoa.

Jumamosi hiyo Mama Pasi aliuelezea wimbo wa tatu, jinsi unavyobana pumzi hadi msikilizaji anataka kuinuka. Dada Risiti alifuta machozi kwa mkono wa blauzi, akasema hakuna mtu aliyewahi kuuelewa namna ile. Mama Pasi alifurahi, na papo hapo akajisikia mwizi.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Fundi anarudi, anaoga, anakula, anavaa hedifoni. Aliupitia muziki wa dansi, wa ibada, wa vijana wanaofoka kwa kasi, na wa mzee mmoja ambaye kwa maoni yake alihitaji kutibiwa kikohozi kabla ya kurekodi. Aliyasimulia yote kwa lugha ya mabomba, na mkewe akayatafsiri.

"Muziki wenyewe siujui," fundi anasema, akiitazama kofia yake. "Ila nikimaliza kumsimulia anakuwa na ule uso wake wa zamani. Basi naona siku yangu haikwenda bure."

Siku za mwizi ni arobaini. Zamu ya kumchagulia Mama Pasi albamu ilipomfikia Mzee Mvuke, alitoa albamu aipendayo kuliko zote, ya bendi kubwa yenye tarumbeta nyingi, ndefu kama foleni. Wiki hiyo bomba kuu la mtaa lilikuwa limepasuka, na fundi alishinda ndani ya mtaro hadi kiunoni. Alivaa hedifoni, akasikiliza kwa uaminifu wimbo baada ya wimbo. Ulipobaki mmoja, usingizi ukampiga mwereka.

Alipozinduka, albamu ilikuwa imekwisha na mkewe alikuwa mbele yake, macho yote kwenye midomo yake. Mtu mwingine angeurudia huo wimbo. Fundi anasema aliona haya kukiri kwamba alilala, naye mkewe alikuwa amesubiri siku nzima. Akatunga.

Alisema kwamba katika wimbo wa mwisho ala zote zinanyamaza, anabaki mwanamume mmoja anayemwimbia mkewe. Anamwambia asiogope nyumba ikiwa kimya, maana yeye atakaa upande wa kulia. Mama Pasi alilia sana. Fundi hakuthubutu tena kurudi nyuma.

Jumamosi ikafika, boila ikazimwa. Mama Pasi aliisifu albamu, wimbo kwa wimbo, Mzee Mvuke akitikisa kichwa kwa raha. Kisha akaueleza ule wa mwisho. Mzee Mvuke akaacha kutikisa kichwa.

Alimwambia kwa upole kwamba wimbo huo haumo. Albamu inafungwa na bendi nzima, tarumbeta zinakimbizana, na hakuna anayeimba. Mama Pasi akashikilia kwamba umo. Mmoja akasema ushahidi ni kuusikiliza, na Mzee Mvuke akaiweka simu kwenye spika ndogo ya kaunta, akapandisha sauti, akauwasha.

Tarumbeta zilijaa dukani. Mteja mmoja mlangoni alianza kuchezesha mabega. Mama Pasi aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, mikono kiunoni.

"Haya, mbona hamuwashi?" akauliza.

Dada Risiti alinyoosha mkono akazima, na kutokana na nyuso zao Mama Pasi akajua kilichokuwa kikisikika. Alikaa kitini, akawaeleza kila kitu. Alisema kuanzia wiki ijayo hatakaa nao tena, kwani kanuni ameivunja yeye mwenyewe aliyekuwa akiwahukumu wenzake.

Kelele nyingi za duka hilo ni za boila ya Mzee Mvuke, na jambo hilo, anasema, lilimchoma moyo. Yeye ndiye aliyetoa hukumu.

"Wewe hukuruka chochote," akamwambia, akisogea kuliani kwake na kupaza sauti. "Albamu umezisikiliza kwa sikio la mumeo, na sikio la mumeo ni mali ya nyumba. Aliyekuletea wimbo usiokuwemo ndiye aliyeruka. Mashuka ni yake."

Jioni ile fundi alihojiwa nyumbani, akakiri kwamba alilala, na kwamba wimbo aliutoa kichwani mwake mwenyewe. Mama Pasi anasema alikusudia kukasirika, akashindwa.

Jumamosi iliyofuata fundi bomba alifika dukani amevaa ovaroli lililofuliwa, akatumikia adhabu. Aliyakunja mashuka kama anayemkamata mbuzi, na ilibidi yote yakunjwe upya. Vicheko vilimtoa mwenye duka ofisini. Mwenye duka, ambaye Mama Pasi alimwogopa kuliko wote, alisikiliza habari nzima akiwa amesimama. Siku chache baadaye meza ya Mama Pasi ilihamishiwa dirishani, mbali na mashine, na kila mfanyakazi akapewa vifuniko vya kuzuia kelele masikioni.

Baraza nalo lilibuni lake. Sasa spika huwekwa juu ya mbao za meza ya pasi, blanketi la kunyooshea nguo likiwa limeondolewa, na Mama Pasi hulaza viganja viwili pembeni yake, kichwa kikiwa kimeinama. Leo amelaza hivyo hivyo, na kidole chake kimoja kinapiga mbao.

"Besi naipata yote. Ngoma naipata," anaripoti. "Waimbaji tu ndio wameenda likizo."

Kwa waimbaji, yupo fundi. Huketi kuliani kwake na kumweleza nani kaingia na ana hali gani. Amekuwa mwanabaraza kamili, tena mbishi: anashikilia kwamba kila albamu duniani imezidi nyimbo mbili, na Dada Risiti aligoma kumsalimia wiki nzima kwa sababu ya hizo mbili.

Habari njema ni kwamba foleni imesogea. Kliniki imeshampima Mama Pasi sikio la kulia, na mwezi ujao atavalishwa kifaa. Daktari amemtahadharisha kwamba muziki hautarudi wote kwa mara moja. Utamjia mgeni mgeni, na atahitaji subira. Mama Pasi anasema ana subira ya kutosha, kwa kuwa amenyoosha nguo za kitani maisha yake yote.

Lililobaki ni ugomvi wa dukani: asikilize nini kwanza? Dada Risiti anataka Kiti Kitupu Dirishani. Mzee Mvuke anasema sikio lililolala muda mrefu huamshwa kwa tarumbeta. Mama Pasi amewasikiliza wote kwa heshima, na hakuna aliyeshinda.

"Zote nitazisikiliza, moja baada ya nyingine, na sitaruka," anasema. "Lakini kwanza ule wa mwanamume anayekaa upande wa kulia. Haumo kwenye albamu yoyote, basi aliyeutunga auimbe yeye."

Fundi bomba, alipoulizwa kama amekubali, aliangalia viatu vyake kwa kitambo. Kisha akasema amekubali, ila mwezi mmoja ni mfupi. Ubeti wa kwanza upo tayari, anaufanyia mazoezi ndani ya matangi ya maji ya watu. Wa pili ndio bado anauhangaikia.