Majina Thelathini na Moja Ndani ya Kompyuta Kumi na Nne

Umeshaona kompyuta mpya, haijaguswa na mtu, lakini pipa lake la takataka limeshajaa?

Mimi niliona kumi na nne kwa mpigo. Ilikuwa Beni, mwaka 2002, kwenye ofisi ya waasi waliotutawala wakati ule.

Naitwa Phinées, fundi wa kompyuta, mtoto wa Butembo. Siku hizo nilikuwa na majivuno, sifichi. Wenzangu walitengeneza kompyuta moja moja, wiki nzima jasho linawatoka. Mimi naandaa moja tu, tunaiita maman, naunganisha nyaya, na kila kilichomo kinajinakili kwenye zingine zote. Mimi huyo nakunywa chai.

Shida ni vita. CD halali za programu hazikupatikana kabisa. Kwa hiyo maman yangu niliinakili kutoka kwa dada Jokébed, aliyekuwa na ofisi ndogo ya haki za watu kwetu Butembo, mtaa wa Bulengera. Aliniambia ameshafuta mafaili yake yote.

Alifuta kweli. Ila hakumwaga pipa, ambamo mafaili yaliyofutwa hubaki. Na mimi, bingwa, sikuangalia.

Asubuhi ile zote zikawaka, pipa limejaa kila mahali. Nikafungua moja. Ndani mlikuwa na orodha: watu thelathini na mmoja walioshuhudia mauaji kijijini mwao, na nyumba walimofichwa.

Waliofanya mauaji hayo walikuwa askari wa Commandant, mkuu wa ofisi ile. Na Commandant mwenyewe alikuwa barazani, anangoja kuonyeshwa kompyuta zake.



Nikamdanganya kwamba kuna virusi, lazima nirudie zote. Akauliza dakika ngapi. Nikasema arobaini. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akitazama skrini.

Nikasafisha maman, nikaituma upya. Kumi na tatu ziliitika. Ya kumi na nne, ya sekretari Ornella, ilikataa.

Nikamwambia Commandant nakwenda kuangalia waya. Nilimkuta Ornella kwenye chumba chake cha kazi, waya wa network ameuchomoa, ameushika mkononi. Orodha iko wazi mbele yake.

"Phinées, hii liste ulitosha wapi?"

Badala ya kumweleza nilikoitoa, nikafunga mlango.

"Numero kumi na mbili ni mama yangu," akasema polepole. "Commandant alinambia kama alikufa. Njo sababu alinipatia hii kazi. Eti ananisikilia huruma."

Akasoma tena jina la nyumba ile, midomo ikicheza. Kisha akauchomeka waya mwenyewe.

"Futa. Mimi nimeshashika kichwani."

Baadaye Commandant alikaa mbele ya kompyuta safi, akanipigapiga begani, akanisifu. Nilitabasamu. Mpaka leo najichukia kwa tabasamu lile.

Siku hiyohiyo nilipanda pikipiki hadi Butembo, nikamwambia Jokébed ukweli wote. Hakunitukana. Alianza kuhamisha watu, na mimi nikamsaidia nyumba kwa nyumba.

Kwa mama yake Ornella nilifika mwenyewe. Nilitaka angalau mtu mmoja apate furaha kutoka kwangu. Nikamwambia binti yako yu hai, amejua uliko, anakuja.

Alilia, akanibariki. Kisha akakataa kuondoka.

"Mutoto yangu iko anakuya. Nikienda, atanikuta wapi?"

Nilimbembeleza mpaka sauti ikakauka. Alikuwa ameshabandika sombe jikoni, majani ya muhogo ya kumpokea binti yake.

Ornella alifika Jumapili. Hakujua kwamba kiti chake, kitupu kule ofisini tangu Jumamosi, kilishamtia Commandant mashaka, na pikapu ya askari ilikuwa nyuma yake tangu Beni.

Watu thelathini wa orodha ile wako hai. Wawili tuliwazika Jumanne, mama na binti, kaburi moja.

Ninyi vijana mnaobonyeza mara moja na ofisi nzima inafuata, nisikieni. Kosa la mashine nililifuta kwa dakika arobaini. Habari njema niliyoipeleka kwa mdomo wangu, kabla ya kufikiria nani mwingine yuko njiani, hiyo sikuweza kuirudisha.