Hadithi Iliyosimuliwa Saa Tisa Mchana

Habari za kifo cha mama mwenye duka zilinifikia Jumanne kupitia kwa mjukuu wake, msichana anayesomea hadithi na mila za watu katika chuo cha mtandaoni bila kutoka nyumbani kwao Kimumu. "Shosho ametuacha," alisema kwenye simu. "Jana jioni alikuwa bado ananiuliza kama nimetuma kazi ya mwalimu." Nilijua basi kwamba mama yule aliondoka akiwa na akili zake zote. Ni yeye aliyewahi kuisoma kozi kama hiyo hapa Eldoret, miaka ya chama kimoja, wakati mwanafunzi wa mbali alikuwa na mambo mawili tu ya kutegemea: redio na posta.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya duka lake, nami nikianza kazi ya uandishi wa habari. Alikuwa ametoka mkoa wa kati akifuata mume, na shule aliiachia kidato cha pili. Kipindi cha chuo kilisikika jioni, saa ile ile ambayo watu hutaka mkate na mafuta ya taa. Redio ilikaa rafuni karibu na chumvi, na ikianza, duka lote lilingoja. "Mama, nipatie mafuta na mkate," mteja mmoja alilalamika. "Subiri, mwalimu anamaliza." "Kwani anakuona?" "Hanioni. Mimi ndiye namsikia." "Sawa, elimu haina mwisho, lakini mkate una mwisho. Nipe huo wa mwisho basi." Nilipomuuliza kwa nini amechagua hadithi badala ya uhasibu, alinijibu kwamba mji huu umejaa watu waliotoka kila upande, naye anataka kujua kama zimwi la kwao na zimwi la majirani ni ndugu.

Kazi ya mwisho ilimtaka akusanye hadithi ya jamii isiyo yake kutoka kinywani mwa msimulizi, aeleze mahali, saa na wasikilizaji. Masharti ya chuo yalikuwa makali: anayechelewesha kazi huondolewa, na hapokelewi tena. Zikiwa zimebaki siku chache, alisikia habari za mama mmoja mzee kutoka magharibi aliyekuwa akipukuchua mahindi na wenzake katika ghala la shamba moja karibu na mji wa Moi's Bridge. Mimi nilikuwa naelekea huko kutafuta habari za mahindi yaliyooza, tukapanda pickup moja. Kosa letu lilikuwa kufika mchana.

"Mchana hatusimulii," mama mzee alisema bila kuinua macho kutoka kwenye gunzi. "Ng'ombe watapotea."

"Mama, mimi sina ng'ombe."

"Mimi ninao."

Wanawake wakacheka. Mwenye duka hakuweza kungoja usiku, kwa maana gari lilikuwa linarudi jioni. Alikaa chini, akapukuchua nao kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Na giza likiwa humu ndani tu?" Mama mzee akatazama madirisha ya ghala, akasemezana na wenzake kwa lugha yao, wakabishana. Mwishowe akasema, "Fungeni." Madirisha yakazibwa kwa magunia, mlango ukafungwa, koroboi ikawashwa. Saa tisa mchana, usiku ukaingia, na hadithi ikaanza.

Ilikuwa imefika katikati mlango uliposukumwa. Naibu wa chifu alisimama pale, mwanga ukimzunguka. Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka maana ya watu kujifungia pamoja siku zile. "Mkutano gani huu? Leseni iko wapi?"

"Si mkutano, Mzee. Ni hadithi," mwenye duka alisema.

"Hadithi ya nani?"

"Ya zimwi lililomeza kijiji kizima."

"Zimwi gani hilo?" naibu aliuliza polepole, na hakuna aliyekosa kuelewa anauliza nini.

"La zamani," mama mzee akajibu. "Lina mkia."

"Endelea, nisikie."

"Siwezi. Umeingiza mchana."

Aliyaangalia magunia, akaiangalia koroboi. Kisha akafunga mlango kwa mkono wake, akaketi. Kijiji kilipotolewa tumboni mwa zimwi, yeye ndiye aliyeuliza kama ng'ombe nao walitoka.

Nyumbani, mume wa mwenye duka, karani wa ofisi, aliisoma kazi ile akashika kichwa. "Andika usiku. Mwalimu wako anajua watu hawa husimulia usiku. Atasema umetunga. Na huyu naibu wa chifu mtoe kabisa, barua hufunguliwa."

"Nilikuwa pale mchana. Na wameuliza wasikilizaji walikuwa nani."

Aliituma ilivyo. Ikarudi na wino mwekundu: asahihishe saa ya kusimulia na amwondoe afisa asiyesadikika, la sivyo alama nyingi zitakatwa. Maneno machache yangetosha kumwokoa. Aliandika kurasa mbili akieleza jinsi ghala lilivyotiwa giza na kwa nini, akazituma. Alama zikakatwa. Alifaulu kwa daraja la chini kabisa, na nafasi ya kuendelea na diploma, aliyoitamani kuliko kitu chochote, ikampita.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Enzi zile wengi wetu tuliandika kile kilichotarajiwa: mkutano ulihudhuriwa na maelfu, wananchi walifurahi, mvua ilikuwa njema. Haikuwa lazima mtu atushurutishe, tulishajua kalamu ielekee wapi. Mila yenyewe, ambayo watu husema ni ngumu kama jiwe, ilipata njia ya kumpokea mgeni bila kuvunjwa. Aliyekataa kulegea ni mwalimu aliyeisoma mila hiyo kitabuni tu. Anayetaka kuwajua watu, awe mwanafunzi au mwandishi wa habari, hana budi kuandika walichofanya mbele yake, hata kama hakifanani na alichofundishwa.

Niliwahi kumuuliza kama hakujuta. Alikuwa anapima sukari, na hakuacha kupima. "Cheti kizuri cha kitu ambacho hakikutokea," alisema, "ningekitundika wapi?"